Deni la Marehemu Halizikwi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walio hai na waliotangulia. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Kila aliyehudhuria maziko katika nchi yetu ya Uganda analijua tangazo hili. Kabla watu hawajatawanyika, mzee mmoja wa familia huinuka na kusema kwamba yeyote anayemdai marehemu amwone fulani, na yeyote aliyekuwa akidaiwa na marehemu naye aende kwa huyo huyo. Watu huitikia, imamu huomba dua, kisha kila mtu hushika njia yake. Ni desturi njema, na ina asili katika dini yetu.

Zamani tangazo hilo lilitosha kwa sehemu kubwa. Mdai alikuwa mwenye duka wa hapo kijijini, au jirani aliyekopesha magunia mawili ya mahindi, au fundi ambaye hajamaliziwa pesa yake ya kuezeka. Wote walikuwapo mazikoni na wote walisikia. Leo mtu anafanya kazi Kampala, anafariki, anazikwa kwao Iganga au Arua. Ameacha kadi ya mkopo ya benki, mkopo wa mshahara, mkopo wa simu, na mkopo wa SACCO ya kazini. Benki haiji mazikoni. Mkopo wa simu hauinui mkono. Tangazo linatolewa, hakuna anayejitokeza, na familia inarudi nyumbani ikiamini kwamba ndugu yao ameondoka hana deni. Kiwanja kinagawanywa, pikipiki inachukuliwa na mdogo wake, pesa iliyokuwa kwenye simu inatolewa kwa wakala. Baada ya miezi michache barua ya benki inafika, na jumla iliyoandikwa humo imekwisha kukua.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nani alipe? Mjane? Mtoto mkubwa kwa kuwa ndiye anayefanya kazi? Au deni limekufa na mwenyewe? Wengine huongeza: hilo ni deni la riba, basi halilipwi.

Ndugu zangu, ukilichunguza jambo hili katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) na katika vitabu vya fiqhi tunavyovisoma darasani, utalikuta liko wazi kuliko tunavyodhani. Deni la marehemu liko juu ya mali aliyoiacha. Haliko juu ya mfuko wa mtoto wake wala wa mjane wake. Lakini mrithi hana haki ya kuigawa mali hiyo kabla hajalitafuta deni na kulilipa, hata kama mdai hakufika mazikoni.

Majeneza matatu

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin al-Akwa' (R.A.) kwamba yaliletwa majeneza matatu mbele ya Mtume (S.A.W.) ili ayaswalie. Kwa jeneza la kwanza aliuliza kama maiti ana deni. Wakasema hana. Akamswalia. Kwa la pili aliuliza swali hilo hilo, wakasema anadaiwa. Akauliza kama ameacha chochote, wakasema ameacha dinari 3. Akamswalia. Kwa la tatu aliambiwa kwamba maiti anadaiwa dinari 3 na hakuacha kitu. Hapo Mtume (S.A.W.) akawaambia masahaba wamswalie mwenzao wenyewe. Ndipo Abu Qatada (R.A.) akasema kwamba deni hilo ameshalichukua yeye, na Mtume (S.A.W.) akamswalia.

Mara nyingi hadithi hii tunaisoma kwa kumtazama huyo wa tatu tu, tukaogopa, tukaishia hapo. Tumtazame na wa pili. Naye alikuwa na deni, lakini alikuwa ameacha cha kulilipia, na Mtume (S.A.W.) hakusita kumswalia. Tunajifunza kwamba kufa na deni peke yake si aibu. Mtume wetu mwenyewe (S.A.W.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri aliyokopa kuwalisha watu wa nyumba yake. Hatari ni deni lisilo na njia ya kulipwa, au lenye njia lakini walio hai wameiziba.

Tumtazame pia Abu Qatada. Hakuna aliyemwambia kwamba ni wajibu wake. Alijitolea, na baada ya kujitolea akawa amebeba. Katika mapokezi ya Jabir (R.A.) yaliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, Mtume (S.A.W.) alipokutana naye siku iliyofuata alimuuliza deni lile limefika wapi. Alipoambiwa limelipwa, ndipo akasema kwamba sasa ngozi ya maiti yule imepata ubaridi. Basi aliyeahidi mbele ya watu kwamba atalipa, ahadi yake inamngoja. Mzee anayesema mazikoni amwone yeye, naye ajue kwamba amebeba amana.

Baadaye Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu neema, Mtume (S.A.W.) alitangaza kwamba anayekufa na deni bila kuacha cha kulipia, yeye ndiye atakayemlipia, na anayeacha mali, mali hiyo ni ya warithi wake. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.). Tazameni kwamba hata hapo hakusema deni ni la watoto wa marehemu.

Nani hulipa?

Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, Mwenyezi Mungu amewapangia warithi mafungu yao. Ndani ya aya hizo mbili amerudia mara 4 kwamba mafungu hayo hutolewa baada ya wasia na baada ya deni. Neno likirudiwa mara 4 katika aya 2, mwenye akili huelewa kwamba watu watajaribu kulisahau.

Kwa hiyo mali ya marehemu ina mpangilio wake. Kwanza hutolewa gharama za kumwandaa na kumzika kwa kadiri ya kawaida. Pili hulipwa madeni yake. Tatu hutekelezwa wasia wake, usiozidi theluthi moja ya kilichobaki. Nne ndipo warithi hupewa mafungu yao. Deni lililowekewa rehani, kwa mfano pikipiki ya bodaboda iliyonunuliwa kwa mkopo huku kadi ya umiliki ikishikwa na mkopeshaji, mdai wake ana haki ya kwanza katika kitu hicho.

Yapo mambo matatu ambayo watu huchanganya.

La kwanza, mtoto, mjane, kaka au dada hawi mdaiwa kwa sababu tu ya undugu. Qur'an imetaja katika sura zaidi ya moja kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Sheria ya Urithi ya nchi yetu nayo inaelekeza kwamba madeni hulipwa na msimamizi wa mirathi kutoka katika mali ya marehemu. Wapo wakusanyaji madeni wanaompigia mjane simu akiwa bado eda, wanamtisha kwamba atauziwa vyombo vyake. Vyombo alivyonunua mjane kwa pesa yake ni vyake. Na mahari yake ambayo mume hakuimaliza, hiyo nayo ni deni, na yeye ni mmoja wa wadai.

La pili, aliyetia saini ana hukumu yake. Ukimdhamini ndugu yako kwenye SACCO, au mkafungua akaunti ya mkopo pamoja, unadaiwa kwa saini yako, si kwa undugu wenu. Huo ndio udhamini aliouchukua Abu Qatada. Ukiombwa kudhamini, soma kwanza, kisha fikiri kama unaweza.

La tatu, kutolazimika si kutojali. Mtoto mwenye uwezo akilipa deni la baba yake kutoka mfukoni mwake, huo ni katika wema mkubwa anaoweza kumfanyia mzazi aliyekwisha tangulia. Imam Tirmidhi amepokea hadithi inayosema kwamba nafsi ya muumini hubaki imefungwa na deni lake mpaka lilipwe. Katika Sahihi Muslim imekuja kwamba shahidi husamehewa yote isipokuwa deni. Ikiwa aliyekufa vitani kwa ajili ya Mola wake bado anaulizwa deni, itakuwaje kwa baba yako aliyefia hospitalini?

Kadi ya mkopo na riba yake

Sasa tuje kwenye kadi. Mwenye kadi ya mkopo hutumia pesa ya benki kisha hurejesha. Akichelewa, benki huongeza riba na faini. Kwa hiyo barua inayoifikia familia huwa na vitu viwili ndani ya jumla moja: pesa ambayo marehemu aliitumia kweli, na nyongeza iliyozaliwa na ucheleweshaji.

Pesa aliyoitumia ni deni kama deni lolote. Alinunua dawa, alilipa karo ya watoto, alijaza mafuta kwenye gari. Haki hiyo ya mwenyewe inarudishwa, awe Mwislamu au si Mwislamu, awe mtu au benki. Baba yake Jabir bin Abdillah (R.A.), aliyeuawa katika vita vya Uhud, aliacha deni la tende kwa Myahudi. Mtume (S.A.W.) hakumwambia Jabir kwamba huyo si mwenzetu, basi aachane naye. Alikwenda mwenyewe kumwombea muda, na mdai alipokataa, aliingia shambani, akaomba baraka, tende zikapimwa, deni likalipwa lote na tende zikabaki.

Nyongeza ni jambo jingine. Riba ni haramu, na katika Suratul Baqara, aya ya 279, anayetubia kutokana na riba ameachiwa mtaji wake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe. Kwa hiyo mbele ya Mwenyezi Mungu benki haina haki katika riba ile. Lakini tunaishi katika nchi ambayo mkataba ule unatambuliwa na mahakama. Ushauri ambao masheikh wengi wa zama hizi huutoa ni kwamba warithi waombe kwanza riba na faini zifutwe, na walipe mtaji bila kuchelewa. Benki ikikataa, na sheria ikawalazimisha, hulipa ili kuondoa madhara makubwa zaidi kwenye mirathi, huku nyoyo zao zikilichukia jambo hilo. Kila familia na impelekee sheikh wake barua yenyewe, ili atoe jibu akiwa ameona tarakimu.

Kisichofaa ni kuifanya riba kisingizio cha kula na mtaji. Ndugu anasema kwamba lile ni deni la haramu, halilipwi, huku akitembelea pikipiki iliyonunuliwa kwa kadi ile ile. Hiyo si uchamungu.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano ili jambo hili lionekane kwa tarakimu. Mwanamume amefariki, ameacha mke, mama mzazi, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Kiwanja, pikipiki na akiba yake vyote pamoja vina thamani ya shilingi 31,000,000. Maziko yamegharimu 1,000,000. Zimebaki 30,000,000.

Familia yenye haraka itagawa hizo 30,000,000. Mke atapewa thumni, yaani 3,750,000. Mama atapewa sudusi, yaani 5,000,000. Watoto watagawana 21,250,000.

Kisha ukweli unajitokeza. Benki inadai 2,600,000 za kadi. SACCO inadai 1,500,000. Mahari ya mke iliyobaki ni 1,000,000. Mwenye duka anadai 500,000, na mikopo ya simu ni 400,000. Jumla ni 6,000,000. Mali ya kugawa ilikuwa 24,000,000, si 30,000,000. Fungu la kweli la mke ni 3,000,000, mbali na mahari yake. La mama ni 4,000,000. La watoto ni 17,000,000: wa kiume 8,500,000, na kila wa kike 4,250,000.

Tazameni mama huyo mzee aliyefiwa na mwanawe. Bila kujua, mkononi mwake mna 1,000,000 isiyo yake, na pengine ameshaitengenezea paa la nyumba. Nani atakwenda kumwambia airudishe? Hivi ndivyo haraka ya vijana wa nyumbani inavyomtia kizee katika mali ya watu. Na kama watoto wale ni wadogo, yule aliyegawa vibaya amechezea mali ya mayatima, na onyo la Suratun Nisaa, aya ya 10, linajulikana.

Sasa tuigeuze hesabu. Tuseme baada ya maziko zimebaki 3,000,000 tu, na madeni ni yale yale 6,000,000, wala hakuna lenye rehani. Hapo warithi hawapati kitu, na kila mdai hupata nusu ya anachodai: benki 1,300,000, SACCO 750,000, mke 500,000 za mahari yake, mwenye duka 250,000, na mikopo ya simu 200,000. Halipwi mmoja kwa ukamilifu kwa kuwa ana kelele nyingi huku mwenye duka mpole akiachwa mikono mitupu. Nusu iliyobaki warithi hawalazimiki kuitoa. Wanaweza kuomba msamaha wa wadai, na mdai anayesamehe ana malipo yake kwa Mola wake. Wenye uwezo wanaweza kujitolea. Ndugu na majirani wanaweza kuchanga sadaka, na hilo halina khilafu. Ama kutumia zaka kwa deni la maiti, wanazuoni wamekhitalafiana: Wamaliki wameruhusu, na wengi katika madhehebu mengine hawakuruhusu. Hapo pia aulizwe sheikh.

Na familia maskini isikate tamaa. Bukhari amepokea kwamba anayechukua mali za watu akiwa na nia ya kuzirudisha, Mwenyezi Mungu humlipia. Aliyekopa dawa ya mtoto kwa nia safi, akafa kabla mshahara haujaingia, yuko mbele ya Mola anayezijua nia.

Miaka minne ya kungoja

Az-Zubayr bin al-Awwam (R.A.) alikuwa miongoni mwa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Watu walikuwa wakimletea mali awawekee amana, naye alikuwa akikataa kuipokea kama amana. Aliipokea kama mkopo, kwa kuchelea kwamba ikipotea mwenyewe atakosa haki yake. Siku ya vita vya Jamal, mwaka wa 36 Hijria, alimwita mwanawe Abdullah, akamwambia kwamba linalomsumbua zaidi ni deni lake. Akamuusia auze mali na alipe, na akishindwa amwombe msaada Mola wake.

Abdullah alipohesabu, alikuta deni ni 2,200,000. Baba yake hakuacha dinari wala dirham. Aliacha ardhi na nyumba, na katika ardhi hiyo lilikuwamo shamba la Ghaba, ambalo Zubayr alilinunua kwa 170,000. Abdullah alilithamini kwa 1,600,000 na akauza mafungu yake mpaka deni likalipwa lote.

Ndipo ndugu zake wakamwambia awagawie mirathi yao. Abdullah akakataa. Alisema hatagawa mpaka atangaze katika misimu minne ya Hija kwamba yeyote anayemdai Zubayr aje alipwe. Kila mwaka alitangaza. Miaka minne ilipokwisha ndipo akagawa, na kila mmoja wa wake wanne wa Zubayr alipata 1,200,000. Yote haya yamo katika Sahihi Bukhari.

Ndugu zangu, Abdullah alikuwa ameshalipa kila deni alilolijua. Alichokingoja miaka minne ni deni asilolijua. Na hakutangaza makaburini tu, mbele ya watu waliokuwapo. Alitangaza mahali ambapo Waislamu wa kila upande walikutana, kwa sababu wadai wa baba yake walitoka kila upande. Wadai wa ndugu zetu leo hawaendi Hija kutusikiliza, wako kwenye ofisi na kwenye kompyuta. Kwa hiyo tangazo letu lazima liwafuate huko.

Familia ifanye nini?

Kwanza, kadi ya ATM ya marehemu na laini yake ya simu visiguswe. Mara nyingi binamu mmoja anaijua namba ya siri, na kabla maiti hajaoshwa pesa imeshatolewa, eti ya maziko. Ile si pesa ya binamu, wala si pesa ya maziko tu. Ina wadai na ina warithi. Gharama ikihitajika, itolewe kwa makubaliano na iandikwe.

Pili, cheti cha kifo kitafutwe mapema kwa njia ya NIRA, na msimamizi wa mirathi apatikane kwa utaratibu wa mahakama. Bila hati hiyo, benki haina sababu ya kuwaeleza hesabu za mteja wake.

Tatu, msimamizi aende mwenyewe kwenye kila benki, SACCO na kampuni ya simu aliyohusiana nayo marehemu, pamoja na mwajiri wake. Aombe hesabu kwa maandishi, mtaji mbali na nyongeza mbali. Aombe nyongeza isimame tangu siku ya kifo. Aulize pia kama mkopo ulikuwa na bima ya kifo, kwa maana mikopo mingi ya benki huwa nayo, na familia nyingi zimelipa bila kuuliza. Karatasi za zamani na ujumbe ulio kwenye simu humwonyesha mahali pa kuanzia.

Nne, atangaze msikitini, kazini na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo na majirani, na aweke muda wa kungoja unaofaa. Hatumlazimishi mtu miaka minne ya Abdullah, ila siku tatu za matanga hazitoshi.

Tano, karamu zingoje. Tunasema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi matanga yenyewe yamekuwa harusi: ng'ombe anachinjwa, mahema yanakodiwa, na pesa yote inatoka kwenye mali ya marehemu ambaye benki bado inamdai. Anayetaka kulisha watu atoe chake. Marehemu anahitaji deni lake lilipwe kuliko sisi tunavyohitaji pilau.

Sisi tulio hai

Huenda mwanafunzi akasema kwamba hana kadi ya mkopo, basi haya hayamhusu. Fungua simu yako. Umekopa muda wa maongezi. Umechukua mkopo wa simu kulipia chumba. Umekula rolex za wiki mbili kwa muuza chapati wa langoni, naye anahesabu kwa kichwa. Mwenzako amekupa kompyuta ukamalizie kazi ya darasa. Ukifa leo usiku, mama yako kijijini atajuaje?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika madeni. Na Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba Mwislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Karatasi moja inatosha: unadaiwa na nani, kiasi gani, tangu lini, na nani anakudai bila wewe kuwa na hati. Andika pia unaowadai. Namba ya siri usiiandike. Taja tu benki, SACCO na mtandao, umpe karatasi hiyo mtu mmoja mwaminifu, na uibadilishe kila deni linapolipwa au kuongezeka. Sayyidna Umar (R.A.), akiwa amechomwa kisu na damu ikimtoka, alimwamuru mwanawe ahesabu madeni yake, yakapatikana kama 86,000, akaeleza moja baada ya jingine mahali pa kuyalipia. Yeye alikuwa khalifa. Nasi tuna nini cha kutuzuia tukiwa wazima na kalamu mkononi?

Kisha tukope kwa haja, na tukope kwa njia ya halali. Tangu Sheria ya Taasisi za Fedha irekebishwe mwaka 2016, nchi yetu inaruhusu benki za Kiislamu, na wapo jamaa wanaokopeshana bila riba katika vikundi vyao. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga ndani ya Swala kutokana na dhambi na deni. Alipoulizwa kwa nini anaomba sana kinga ya deni, alieleza kwamba mwenye deni akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Kila aliyewahi kuzima simu asipigiwe na mdai anaielewa hadithi hii bila tafsiri.

Ndugu zangu, likizo inakaribia na tutarudi majumbani. Wengi wetu tutakuta familia zenye msiba wa karibuni, na sisi ndio tunaoitwa wasomi wa nyumba. Tutaombwa tusome barua ya benki, tupige hesabu ya mafungu, tumweleze mjane haki yake. Tusikae kimya wakati wa kugawa kwa sababu tu waliotutangulia kwa umri wana haraka. Tuseme kwa heshima: wazee wetu, tungojeeni kidogo, tumtafutie marehemu madeni yake kwanza.

Ewe Mola wetu, wasamehe wazazi wetu na ndugu zetu waliotangulia. Wafungulie waliofungwa na madeni. Wape warithi wao nyoyo za kulipa, na wadai wao nyoyo za kusamehe. Tujaalie tutoke katika dunia hii hatuna haki ya mtu shingoni mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.